Punda Asiyetembea Bila Mpambe

Huku Kirua Vunjo, mlimani Kilimanjaro, punda si mnyama wa kila nyumba. Punda ni wa kule chini, Kahe na Uchira, ambako ardhi imelala na jua halina huruma. Sisi wa juu tuna migomba, kahawa, ng'ombe anayekula na kulala bandani, na akina mama ambao miaka nenda rudi wamekuwa wakimpandishia majani kwa vichwa vyao. Kwa hiyo nilipopandisha punda jike kutoka tambarare, watu walitoka vihambani kuja kutazama. Mmoja akauliza kama nimehamia Umasaini. Mwingine akampa pole mke wangu.

Pole hiyo haikuwa na sababu, maana wazo lilikuwa lake. Tuna shamba la mahindi Uchira, na tukishavuna, mabua ndiyo yanayomlisha ng'ombe wakati wa kiangazi. Mwaka huo mama watoto alisema, kwa sauti ya chini kabisa ambayo mwanamume aliyekaa kwenye ndoa anaijua, kwamba kichwa chake si roli. Nikachukua sehemu ya kiinua mgongo nilichopewa nilipostaafu ualimu, nikaenda kununua mgongo mwingine.

Muuzaji, jamaa wa Kahe, hakunipunguzia hata shilingi. Nilipolalamika alinifundisha siasa ya dunia. Alisema Wachina wanachemsha ngozi ya punda kutengeneza dawa iitwayo ejiao, na kwa sababu hiyo punda walichinjwa sehemu nyingi za Afrika, wengine wakiibwa usiku, mpaka Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walipokubaliana kule Addis Ababa kusitisha biashara hiyo kwa miaka 15. "Mwalimu, huyu unayemwona analindwa na marais," alisema. Hayo yote ni kweli. Ila hakutaja kwamba tangu udogoni punda huyo alikuwa akivuta mkokoteni sambamba na dada yake, na kwamba dada ameshauzwa kwingine.

Hilo nililijua njiani. Tukitembea watu wawili na punda katikati, alikuja vizuri. Mwenzangu alipochepuka kwenda kumsalimia shangazi yake, punda alisimama. Alisimama kwa miguu yote minne, masikio nyuma, akiangalia kule mwenzangu alikopotelea. Nikavuta kamba. Nikamsukuma. Nikamwahidi mambo. Hakusogea mpaka mwenzangu aliporudi, na aliporudi aliendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Watoto wa shule ndio waliompa jina. Walimwona anapiga hatua tatu, anasimama, anainamisha kichwa, anasubiri mtu awe ubavuni ndipo apige nyingine tatu. Wakamwita Bibi Harusi. Jina likakaa siku hiyo hiyo, na kibaya zaidi likaja na vigelegele. Kila akipita, kundi la watoto linapiga vigelegele kwenye kona, na Bibi Harusi, ambaye hata kuku akikohoa anashtuka, anageuka kurudi Kahe.

Ushauri ulikuwa mwingi na wa bure. Lugha yetu, ukiichunguza, haijamtendea punda haki: punda haendi bila kigongo, asante ya punda ni mateke, punda afe mzigo ufike. Kila aliyepita alinipa mojawapo, na wa kigongo walikuwa wengi kuliko wote. Niliwaambia kwamba nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008. Wakaniuliza kama nilistaafu ualimu au uhakimu. Jirani mmoja, aliyekaa mjini sana, alisema ningenunua farasi, mnyama wa kiungwana. Nikamweleza kwamba farasi na nchi hizi hawajaelewana tangu zamani. Kuna ugonjwa wa farasi unaoenezwa na usubi, na farasi wengi wanaoupata hufa, wakati punda na pundamilia huupita bila taabu kubwa. Ndiyo maana Wajerumani, wakati wa ukoloni wao, walifikia hatua ya kukamata pundamilia chini ya mlima huu huu na kuwafundisha kuvuta magari. Jirani akafikiri kidogo, akauliza pundamilia wanauzwa wapi.

Aliyenisaidia kidogo ni binamu yangu aliyewahi kufanya kazi Lamu. Kule punda ndiye gari, na kuna hospitali yao inayowatibu bure tangu 1987. Nilimpigia simu kumwuliza wenzetu wanafanyaje. Akasema punda wa Lamu hatembezwi. Jioni anashushwa mzigo pwani na anarudi nyumbani mwenyewe kupitia vichochoro, akisimama tu kupisha watu. Niliposikia hivyo nilimtazama Bibi Harusi pale uani. Alikuwa amejificha nyuma ya ndoo, kichwa tu.

Ukweli ni kwamba hakuwa mkaidi. Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa husimama. Wazee wake walikuwa wanyama wa nchi kavu yenye mawe, na anayekimbia ovyo kwenye mawe huvunjika mguu. Kwa hiyo husimama kwanza, akapima, kisha akaamua. Watafiti wa vinasaba walichapisha mwaka 2022 kwamba punda wote wa kufugwa duniani wametokana na wale waliofugwa huku Afrika Mashariki, miaka kama 7,000 iliyopita. Maana yake ni kwamba mbele ya Bibi Harusi, mimi na ukoo wangu wote ni wageni hapa. Mwenyeji akisema tusubiri, tunasubiri.

Tukasubiri sana, hasa kwenye mfongo. Ni mfereji wa kawaida, ule uliochimbwa na mababu kuleta maji kutoka juu mlimani, na mtoto wa chekechea anauruka. Juu yake pamelazwa mbao mbili. Bibi Harusi alifika, akashusha kichwa mpaka pua ikagusa ubao, akapuliza. Vumbi likaruka, naye akarudi nyuma kwa kuliogopa vumbi alilolipuliza mwenyewe. Akarudi tena. Sikio la kushoto likageukia maji, la kulia likabaki kwangu, kuhakikisha siondoki. Akainua mguu mmoja wa mbele, akaugusisha ubao, ubao ukalia, mguu ukarudi. Macho ya punda yako pembeni. Anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma kabisa na pale chini ya pua yake, kwa hiyo ukimvuta kamba kichwa kikakaa juu, unamlazimisha kukanyaga asichokiona. Nililegeza kamba nikakaa kwenye jiwe.

Hapo akapita bibi mmoja na mzigo wa majani kichwani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Mnangoja nini?"

"Anaangalia maji."

"Kwao hayapo?" akauliza, akapanda ubao akavuka.

Na Bibi Harusi akavuka nyuma yake! Bila kupuliza, bila kugusa kwanza, kwato nne juu ya ubao, tap tap tap tap. Nilikuwa nimeshaanza kumshukuru Mungu nilipoona kwamba pua yake imezama kwenye mzigo wa bibi. Bibi naye alikuwa anapanda zake mlima kwa mwendo ule ule, akihisi tu kwamba mzigo unazidi kuwa mwepesi, jambo ambalo mtu wa umri wake halilalamikii. Alipogeuka kusalimiana na mtu, nusu ya majani ilikuwa imekwisha.

Jioni nilikwenda kwake kama mila inavyotaka, na jani la isale mkononi la kuombea msamaha, na mzigo wa majani begani. Bibi alipokea mzigo, akanirudishia isale. Alisema isale ni kwa ugomvi wa watu. Punda akitaka msamaha aje mwenyewe.

Kisha kulikuwa na bodaboda. Pale kijiweni vijana walikubali kunisaidia. Mpango wangu ulikuwa wa kialimu kabisa: pikipiki inaunguruma mbali huku punda anakula maganda ya ndizi, kila akitulia inasogezwa kidogo, akishtuka inarudishwa. Mpango ulifanya kazi. Vijana walidai hela ya mafuta, kisha hela ya chakula, kisha mmoja akataka posho ya kikao kwa kuwa alikuwa ameitwa rasmi. Wote nikawalipa. Bibi Harusi akafika mahali pa kula maganda yaliyowekwa juu ya kiti cha pikipiki inayonguruma, na watu wakapiga picha. Hapo ndipo kijana wa posho, kwa furaha tu, alipobonyeza honi yake, ya aina inayolia kama treni. Niliingia kwenye kahawa ya jirani nikiwa bado nimeshika kamba. Nilitokea upande wa pili bila kiatu kimoja.

Mwishowe nilikubali kwamba punda hufundishwa na punda. Kuna mzee mmoja hapo chini, tunamwita Meku, ana dume mzee aliyehasiwa, mnyama aliyekwisha kuona kila kitu na hakuna kilichomvutia. Meku humtumia kubeba ulezi kutoka soko la Himo kuwapelekea wapika mbege, pombe yetu ya ndizi, wa huku juu. Tukakubaliana wawe wanapanda pamoja: mwanzoni ubavu kwa ubavu, baadaye Bibi Harusi nyuma, baadaye mbele na dume nyuma yake, halafu dume linachelewa kwenye kona, kona moja, kona mbili, mpaka siku inafika mwenzake haonekani kabisa na yeye bado anatembea. Haraka haikuwepo. Akitetemeka tunarudi hatua moja nyuma, akitulia tunaongeza kona.

Ilikuwa kazi ya subira na iliniletea sifa. Watu walianza kusimama kumwona Bibi Harusi akipita peke yake katikati ya njia, mabua yamepangwa vizuri juu ya soji, anavuka mfongo bila kuutazama, anapishana na bodaboda bila kugeuza sikio. Mimi nilifuata mbali, mikono nyuma, nikijibu salamu.

Desemba ikaingia. Anayeijua Uchagani anajua Desemba: watoto wetu wote wa Dar es Salaam na Arusha wanarudi kula Krismasi, na barabara zilizokuwa za mbuzi zinajaa magari makubwa yenye vioo vyeusi. Siku hiyo Bibi Harusi alikuwa anapanda katikati ya barabara, kwa mwendo wake wa staha, na nyuma yake likaja gari moja. Likapiga honi. Zamani angegeuka kurudi Kahe. Safari hii alielekeza sikio moja nyuma, akaona si jambo, akaendelea. Kando kuna kingo za migomba, pa kupitia hapakuwa. Gari la pili likaja, la tatu, mengine yakaunga, yote taa zimewashwa kwa sababu ya ukungu, yote yanapiga honi. Watoto wakatoka na vigelegele. Shangazi yangu aliyekuwa uani alitoka na khanga begani akiuliza ni nani anaolewa na mbona hakualikwa.

Ningependa kusema kwamba msafara ule uliishia nyumbani kwangu. Uliishia kwenye kilabu cha mbege. Bibi Harusi alikata kona mwenyewe, akaingia uwanjani, akasimama kando ya benchi la wazee, akangoja. Mama mwenye kilabu akatoka na sufuria la machicha ya mbege, akamwekea, akampigapiga shingoni, akasema, "Leo umechelewa."

Ikawa wazi alichokuwa anajifunza muda wote ule. Dume la Meku lilikuwa na vituo vyake vya kushusha ulezi, na kila kituo Meku huonja kidogo kuhakikisha ulezi unatumika vizuri, na wakati Meku anaonja, dume hupewa machicha. Bibi Harusi alikuwa amekariri njia nzima bila kuruka kituo. Mimi ni mzee wa kanisa. Wenye magari walikuwa wameshusha vioo, na wengi wao niliwafundisha Kiswahili darasa la nne.

"Shikamoo, mwalimu," walisema mmoja baada ya mwingine. "Kumbe hapa ndipo!"

Nimejaribu kumbadilishia njia. Anakwenda kwa njia mpya bila woga wowote, na akifika mwisho wake anatafuta ya kumrudisha kilabuni. Mama watoto hana malalamiko: mabua yanafika, kichwa chake kimepumzika, na akinihitaji anajua pa kutuma mtoto. Kama una punda mwoga na unataka wangu amwongoze, karibu Kirua, bei ni maelewano. Ila kwanza waambie wa nyumbani kwako kwamba jioni utachelewa kidogo, na kwamba si wewe, ni punda.