Kondensa Haina Adabu

Wenzangu Tabora wamerithi ng'ombe au mashamba ya tumbaku. Mimi nimerithi Peugeot 404. Najua, gari aina hiyo ndilo lililompa Bert Shankland wa Dar es Salaam ushindi wa Safari Rally mwaka 1966 na 1967. Naambiwa hivyo kila linapozimika.

Asubuhi linawaka bila kubembelezwa. Jua likipanda nami nikiwa njiani kwenda Kwihara, kwenye tembe walikokaa Stanley na Livingstone mwaka 1872, linakohoa, linapiga baruti kwenye ekzosi, kisha kimya. Wapagazi walipita huku na pembe za ndovu begani wakafika Bagamoyo. Mimi na magurudumu manne sifiki Kwihara!

Hapo ndipo mabingwa hujitokeza. Huyu: petroli ina maji. Yule: kabureta. Mwenye baiskeli naye: betri. Fundi wangu, Mzaramo, hivyo mtani wangu tangu enzi za misafara, hucheka kwanza: "Nyie Wanyamwezi mlizoea kutembea, gari la nini?" Kisha hufungua distributa.

Mkosaji ni kondensa, kikopo cha bati kisichozidi kidole gumba. Ndani yake mna tepe nyembamba za metali zilizoviringwa pamoja na karatasi ya kuzitenganisha. Pointi, swichi ndogo ya distributa inayokata umeme wa koili, zinapoachana, umeme huo hutaka kuruka mwanya wake. Kondensa huumeza, umeme unakatika ghafla, na koili inatoa maelfu ya volti kwenda kwenye plagi. Kondensa ikichoka, cheche inabaki kwenye pointi na kuziunguza. Plagi inapata makombo. Joto la injini ndilo huifichua: karatasi iliyochakaa huanza kuvujisha umeme. Likipoa, gari linawaka tena, nawe unaonekana mwongo mbele ya mabingwa.

Ningenyamaza kama dawa ingekuwa kununua mpya. Za siku hizi zinang'aa, boksi limeandikwa vizuri, na zinakufa kabla hujamaliza kulisifu boksi. Iliyotuvusha mara ya mwisho fundi aliichomoa kwenye gari bovu lililoota majani.

Kwa hiyo, mwenye gari la pointi, kabla hujamruhusu mtu kushusha kabureta, fungua distributa. Pointi zikiwa zimeungua, shuku kondensa. Na ya zamani ikiwa bado nzima, usiitupe kwa tamaa ya mpya.