Mashine Imefika Bandani, Tunashukuru

Mkurugenzi,
Ofisi ya Uhaulishaji wa Teknolojia na Ushirikiano na Viwanda,
Chuo Kikuu (jina nalihifadhi, chenyewe kinajijua).

YAH: PONGEZI KWA KUTIA SAINI

Mheshimiwa Profesa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Itifaki imezingatiwa.

Mimi ni mkamuaji wa alizeti, Singida. Nina mashine mbili, moja ya kutoka China na nyingine ya kuungaunga, na karakana ndogo nyuma ya ghala. Kwa lugha ya ofisi yako mimi ni "sekta binafsi", na kwenye picha iliyotundikwa pale mapokezi kwenu ni yule wa pembeni mwenye kalamu, ambaye fremu imemkata sikio. Nakuandikia kukupongeza. Tangu tutie saini ile hati ya makubaliano yenye jalada la bluu na nembo ya dhahabu, hakuna kilichoharibika. Kitaharibikaje, na hakijawashwa?

Wapo wanaonong'ona kwamba mashine yenu mpya ya kukamua haijawahi kutoka chuoni. Huo ni uzushi. Inatoka kila mwaka. Julai iko Sabasaba, Agosti iko Nzuguni, Dodoma, kwenye Nane Nane, imepakwa rangi za chuo, imesimama juu ya zulia jekundu na kibao cha "Tafadhali Usiguse". Mgeni rasmi anafika, anauliza inakula umeme kiasi gani, anajibiwa, anatikisa kichwa kwa kuridhika, anapigwa picha, anahamia banda la asali. Mimi nilipouliza skrubu yake imetengenezwa kwa chuma gani, kijana aliyevaa fulana ya chuo alinipa kipeperushi. Nilikisoma chote. Kilisema mashine ni rafiki kwa mazingira na inazingatia jinsia. Nilifarijika sana, maana skrubu yangu mimi haizingatii kitu chochote zaidi ya mchanga.

Na mchanga ndiyo shida yetu, Profesa, endapo kuna mtu ofisini kwako angependa kuijua. Mkulima anaipiga alizeti chini, anaianika chini, anaizoa chini. Hata ukiipepeta mara mbili, vumbi la Singida litaingia nayo mashineni, na mle ndani ya chemba, kwa joto na mbano ule, mchanga unageuka msasa. Skrubu inalika kingo. Ikishalika, nafasi kati yake na vyuma vya chemba inapanuka, mbegu inapita bila kubanwa sawasawa, na mashudu yanatoka laini, mazito. Ukiyafumbata kisha ukaachia, kiganja kinabaki kinang'aa. Mng'ao ule ni faida yangu. Nawauzia wafuga kuku kwa bei ya mashudu. Fundi wangu anaifungua skrubu, anaijazia kwa kuchomelea, anaipeleka kwenye kerezo, anairudisha, tunakamua kidogo, tunafungua tena. Kuchomelea anajua. Asichokijua ni rodi ipi inafaa kwa chuma kile, na kipoozwe vipi kisipasuke. Hilo analijua mtu mmoja pale kwenu, kwenye maabara ya metali, ambaye naambiwa haruhusiwi kuongea nami mpaka nijaze fomu ya kutunza siri.

Nimeijaza. Mahali palipoandikwa "eleza siri yako" nimeandika: mchanga.

Zamani mambo hayakuwa na mpangilio mzuri kama huu. Mwaka 1963, kijana Erasto Mpemba, kidato cha tatu pale Magamba, Lushoto, alikuwa anatengeneza barafu za kula kwa maziwa na sukari, akaharakisha, akatia mchanganyiko ukiwa bado wa moto. Wa kwake ukatangulia kuganda. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, akaja Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo cha Dar es Salaam, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akauliza kwa nini. Wenzake wakamcheka. Osborne akarudi Dar, akamwomba fundi wa maabara ajaribu, na mwaka 1969 yeye na Mpemba wakachapisha makala pamoja. Dunia mpaka leo inaliita jambo lile kwa jina la Mpemba, na wanafizikia bado wanabishana. Hebu fikiria fujo iliyokuwepo: mtu wa friza anauliza, mtu wa maabara anajaribu! Hakuna dokezo lililopita masijala, hakuna aliyekaimu, hakuna kamati iliyokaa kuamua swali ni la nani. Kwa utaratibu wenu wa sasa, yule kijana angeambiwa alete andiko, bajeti na barua ya mtendaji wa kata.

Nirudi kwenye biashara. Rasimu ya mkataba wa leseni mliyonitumia nimeisoma pamoja na viambatisho. Mrabaha utakatwa kwenye mauzo, wala si kwenye faida, na mtu yeyote aliyewahi kununua gunia la mbegu anajua tofauti ya vitu hivyo viwili katika kazi yetu, ambayo sehemu kubwa ya mauzo inarudi kwa mkulima kabla sijashika shilingi. Maboresho yoyote nitakayoyafanya, hata fundi akibadili bolti ikafaa zaidi, ni mali ya chuo. Lakini kipengele kilichonikosha ni kile kinachosema mashine itarudishwa chuoni mwishoni mwa Juni kila mwaka "kwa maandalizi ya maonesho", na nitaipata tena baada ya Nane Nane kwisha. Huku kwetu alizeti inaanza kuvunwa Mei. Juni na Julai ndipo magunia yanapopanga foleni mpaka barabarani. Mmenihakikishia, kwa maandishi na kwa muhuri, mashine bora kabisa kwa miezi ambayo sina mbegu.

Najua ofisi yako haikujiotea. Ilinakiliwa, na waliokopiwa tunawajua. Mwaka 1980 Marekani ilipitisha sheria ya Bayh-Dole, ikaviruhusu vyuo vimiliki uvumbuzi uliogharimiwa na fedha za serikali. Serikali yao ilikuwa imekalia hataza zipatazo 28,000, na chini ya asilimia 5 ndizo zilizokuwa zimepata kampuni ya kuzitumia. Wao walitunga sheria kuziondoa hataza kabatini. Sisi tumeleta sheria, tumeleta sera, tumeleta na kabati.

Kwenye warsha yenu ya Bagamoyo (kwa kweli samaki alikuwa mzuri) mtoa mada alitaja mamilioni ya Stanford, ambao ofisi yao ilifunguliwa 1970. Hakusema yalipatikanaje. Hataza ya Cohen na Boyer, ile ya kuunganisha vinasaba, haikufungiwa kwa mteja mmoja tajiri. Kampuni yoyote iliyotaka iliichukua, kwa dola 10,000 kwa mwaka na mrabaha mdogo juu yake. Ilikuwa bei ambayo kampuni ya dawa ingeona nafuu kuilipa kuliko kumlipa wakili aipinge. Zikaichukua kampuni 468, na hadi hataza ilipoisha muda wake mwaka 1997, Stanford na Chuo Kikuu cha California walikuwa wamevuna dola milioni 255 hivi. Na hata huko huko Marekani, ofisi nyingi za aina hii hazirudishi gharama za kujiendesha. Hataza moja moja ndiyo hubeba sifa ya zote. Ninyi mmependa yale mamilioni. Ile bei ndogo, na ule mlango uliokuwa wazi kwa kila mtu, naona havikuwahi basi la Bagamoyo.

Simlaumu mhadhiri. Anapandishwa cheo kwa makala zaidi kuliko kwa skrubu, na ana watoto wa kusomesha. Simlaumu hata yule kijana aliyeiunda mashine kama mradi wake wa mwaka wa nne, akafaulu vizuri. Nilimtafuta nikampata. Yuko Mwanza anauza vifurushi vya simu, na michoro yote anayo kwenye laptopu iliyokufa betri. Chuo kinamiliki hataza. Vipimo viko Mwanza.

Kama ushirikiano wa chuo na watu wa nje unashindikana kwa sababu ya mazingira yetu magumu, kama ulivyosema kwenye hotuba, basi naomba uwaulize majirani zenu wa Morogoro. Pale chuo kikuu cha kilimo, SUA, tangu mwaka 2000, shirika la APOPO la Wabelgiji linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini, na baadaye hata makohozi ya kifua kikuu. Panya mmoja, Magawa, aliyefundishwa pale pale Morogoro, alipelekwa Kamboja akagundua mabomu ya kutegwa 71, na mwaka 2020 akavishwa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA, panya wa kwanza kuipata. Sioni cha ajabu. Panya yule mtihani wake ulifanyika uwanjani: ukipita juu ya bomu bila kulinusa, hujafuzu, hata kama umeandika makala. Ninachosikitika ni kwamba yawezekana ndiye mhitimu pekee aliyevuka geti la chuo na ujuzi wake mzima, akafika kazini, akafanya kazi ile ile aliyosomea.

Kwa hiyo, Profesa, naomba leseni rasmi, lakini si ya mashine ya alizeti. Naomba ile teknolojia yenu nyingine, ya kukamua miradi. Nimeishuhudia kwa macho. Mnaingiza mashine moja upande huu. Upande wa pili linatoka andiko, inatoka warsha ya uzinduzi, ripoti ya nusu mwaka, ziara ya mafunzo, tathmini ya kati, warsha ya kufunga, na mwisho andiko la awamu ya pili. Mashudu hayaonekani kabisa! Haiingiwi mchanga, hailiki, haihitaji fundi, na msimu wake ni mwaka mzima. Nipo tayari kulipa mrabaha kwenye mauzo.

Ikishindikana, basi mruhusuni yule bwana wa maabara ya metali aje Singida Jumamosi moja. Nauli ya basi nitatoa mimi, chakula kipo, kuku wapo na wameshiba mashudu. Asije na bango. Skrubu iliyolika iko mezani imeshafunguliwa, rodi za aina tatu zipo, fundi yupo, na umeme ukikatika jenereta ipo. Akiona ni lazima atie saini mahali, tuna daftari la wageni.

Wako katika ushirikiano,
Sekta Binafsi