Kitufe Kilichoshiba Vumbi

Vumbi la Nkoma halipigi hodi. Mvua zikishakata na malori yakianza kusomba pamba, linaingia kwenye ugali, kwenye kola ya shati, hadi ndani ya daftari la madeni. Siku hizi sisi ni Wilaya ya Itilima. Kabla ya 2012 tulihesabiwa Bariadi, na Mkoa wa Simiyu wenyewe ulizaliwa mwaka huo huo. Mipaka ilihama, vumbi likabaki. Na hakuna mahali linapopenda kulala kama ndani ya kitufe cha sauti cha spika za kompyuta.

Nina kibanda cha steshenari hapa senta. Natoa kopi, nachapa barua za kuomba kazi, na zaidi ya yote naingiza nyimbo kwenye memori kadi na flashi. Mteja halipii wimbo ambao hajausikia, kwa hiyo spika kwangu ni kama mizani kwa muuza nyama. Zangu ziliharibika kwa namna ya kuudhi: hazikufa. Zilibakiwa na sauti mbili tu, mnong'ono na ukelele, na katikati hakuna kitu ila krr-krr-krr.

Siku moja alikuja mzee wa kanisa kuchapisha ratiba ya mazishi. Nimefika "saa nane mchana, mwili kuwasili", kijana wa bodaboda anang'ang'ania kusikia singeli yake. Nikazungusha kitufe taratibu, kwa heshima ya msiba. Kimya. Nikaongeza kidogo. Kimya. Nikaongeza unywele mmoja, singeli ikalipuka hadi karatasi zikatikisika mezani. Nje, vijana kijiweni wakaanza kurusha mabega. Mzee akavua miwani, akanitazama.

"Mwanangu, na hii ni ya saa ngapi kwenye ratiba?"

Tangu hapo kila aliyepita akawa fundi. Wazee waliishi na redio za kupigwa kofi, kwa hiyo dawa yao ni kofi. Mama jirani akashauri nianike spika juani. Simcheki; kizazi chake kilianika betri ili redio ifike mwisho wa taarifa ya habari, na ilikuwa kweli: joto huichangamsha kemia ya betri iliyochoka. Lakini kitufe si betri. Kijana mmoja, mwenye kujiamini kupita umri wake, aliniletea mafuta ya kula ya pamba kwenye kifuniko cha chupa. Mafuta yangelainisha leo, kesho yangeshikana na vumbi, na kesho kutwa ningekuwa na shamba la tope ndani ya spika. Nikamwambia wabeja, nikayakaangia yai.

Ndani ya kitufe chenyewe hakuna maajabu. Kuna utepe wa kaboni uliopinda karibu duara zima, na kijiulimi cha chuma kinachotambaa juu yake unapozungusha. Vumbi likikaa kati yao, kijiulimi kinaruka-ruka, na kila kikiruka, krr. Spika zikiwa mbili, tepe nazo ni mbili, na miguu ya kuungia waya ni sita kwa jumla. Ndiyo maana ya kushoto inaweza kuzirai huku ya kulia inapayuka. Tiba ya kwanza ni kuchomoa umeme, kusubiri kidogo kwa sababu kapasita hubaki na chaji, kudondoshea ndani dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, kisha kuzungusha kitufe kwenda na kurudi mpaka mkono uchoke. Zangu zilipona kwa muda, krr ikarudi. Utepe ulikuwa umelika, na kilicholika hakisafishwi.

Wapo wanaokiacha kitufe mwisho kabisa na kupunguza sauti kwenye kompyuta. Ni hekima, hadi mteja achomeke simu yake kwenye spika moja kwa moja.

Nikapanda bodaboda hadi Bariadi mjini. Fundi akachomoa kitufe cha zamani, akalehemu kipya, akadai chake. Kumbe alikutanisha waya na miguu isiyo yake: miguu ya pembeni ikibadilishana, kulia kunapunguza na kushoto kunaongeza. Mteja anayekimbilia kupunguza ndiye anayeamsha mtaa. Isitoshe, kitufe chenyewe kimeandikwa B50K, na cha zamani kilikuwa A50K. Hiyo 50K ni elfu hamsini za omu, haina ugomvi. Ugomvi ni herufi. A hupandisha umeme kwa mkunjo unaofuata sikio la binadamu. B hupandisha sawasawa, sikio likahisi sauti yote imerundikwa mwanzoni. Kwa hiyo robo ya kwanza ya mzunguko ni harusi, na robo tatu zilizobaki ni kuzungusha bure.

Nilimrudia fundi. Akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema kazi ni safi, mimi ndiye bado sijazoea.

Basi, msomaji, kama uko Mwanza au Kariakoo na unatarajia kupita huku, niletee kitufe kimoja: A50K, miguu sita. Nitakulipa, na nyimbo utaingiziwa bure. Ila tafadhali kifunge vizuri kwenye nailoni, barabara ina vumbi.