Trei la Mayai la Baba Watoto

Kabla Baba Watoto hajaanza kunyanyua vyuma, trei la mayai nyumbani kwetu Tabata lilikuwa mali ya wote. Lilikaa juu ya friji na kila yai lilijulikana linakokwenda: haya ya watoto, haya ya chapati, haya ya dharura, mgeni akipiga hodi mboga imekwisha. Kisha kwenye harusi ya mpwa wake, shemeji mmoja akamgonga tumbo mbele za watu na kumuuliza ujauzito una miezi mingapi. Jumatatu yake akajiandikisha jimu ya mtaani.

Kocha, kijana wa vesti ya kubana, alimpa amri tatu: mayai mabichi sita kila alfajiri, lita nne za maji kwa siku kiu iwepo isiwepo, na ugali marufuku. Amri ya nne ilikuja baadaye ndani ya kopo jeusi lenye picha ya mwanamume asiye na shingo.

Nikaanza kuamshwa na sauti ya maganda yakipasuliwa kwenye ukingo wa bilauri. Anapasua sita, anafumba macho, anameza. Kiini cha mwisho kilimgomea kila siku; kilisimama kooni kwanza, mishipa ya shingo ikamtoka, ndipo kikateremka. Halafu huyo anatoka, anatuachia bilauri yenye utelezi na harufu ya shombo. Dada wa kazi akaja kwangu rasmi: "Mama, mimi nilikuja kulea watoto. Ute sioshi."

Binti yetu wa kidato cha tatu ndiye aliyeanza uchokozi. Yai moja, akasema, lina gramu kama 6 za protini, kwa hiyo sita ni 36. Lakini mwaka 1998 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walipima kile ambacho utumbo unakifyonza kweli: protini ya yai lililopikwa iliingia mwilini kwa asilimia 91 hivi, ya yai bichi kwa asilimia 51.

"Baba, unameza sita unapata ya matatu. Hayo mengine unayapeleka chooni."

Akaongeza habari za bakteria wa salmonela, na kwamba ute mbichi hukamata vitamini iitwayo biotini mwili usiipate. Baba Watoto akasema Rocky alikunywa mabichi kwenye sinema ya mwaka 1976 na akasimama raundi zote 15.

"Na akashindwa kwa pointi," binti akajibu.

Amri ya ugali ndiyo iliyonigusa mimi mfukoni. "Ugali unalaza mwili, protini ndiyo inafanya kazi," alitutangazia mezani kwa sauti ya kocha. Jikoni zikawa sufuria mbili: ya familia, na ya kidari cha kuku kisicho na mafuta wala chumvi. Mtungi wa gesi uliokuwa ukitufikisha mwisho wa mwezi ukaanza kutuaga njiani. Mama Mkwe, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Same, alipoona mwanawe anayasukuma pembeni makande aliyoyainjika tangu asubuhi, alinivuta uani. "Mkwe wangu, niambie kweli. Kuna mtu amemfanyia kitu?"

Hakufanyiwa kitu. Imani kwamba misuli huendeshwa kwa protini ni ya zamani kuliko jimu zote za Dar es Salaam. Katika karne ya 19 mkemia maarufu wa Ujerumani, Justus von Liebig, aliifundisha, na jina lake likatosha kuwa ushahidi. Mwaka 1865 wanasayansi wawili, Adolf Fick na Johannes Wislicenus, wakaupanda mlima Faulhorn huko Uswisi wakiwa wamejinyima protini. Walikula vitumbua vya wanga vilivyokaangwa kwa mafuta, wakanywa chai ya sukari, na njia nzima wakakusanya mkojo wao. Mkojo ukatoa hukumu: protini iliyotumika mwilini ilikuwa ndogo mno kumfikisha mtu kileleni. Waliopanda mlima walikuwa wanga na mafuta.

Binti hakuhitaji kwenda Uswisi. "Baba, Kipchoge anakula nini?" Eliud Kipchoge, aliyemaliza kilomita za marathoni mjini Vienna mwaka 2019 kwa saa 1:59:40, ni mtu wa ugali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu wakimbiaji hodari wa Kikalenjin, kabila lake, ulikuta robo tatu ya nguvu yao inatoka kwenye wanga, ugali ukiongoza, na protini ni kama asilimia 10 tu.

Baba Watoto akafikiri. "Kipchoge hana kifua," akasema.

Hilo hatukuwa na jibu lake.

Tukaingia kwenye maji. Alinunua dumu akaliandika saa kwa kalamu ya maka: saa mbili hapa, saa nne hapa, saa sita hapa. Siku moja kazi ilimbana ofisini Posta, jioni akakuta deni la lita mbili na zaidi. Akalilipa lote kwa mkupuo, akapanda daladala. Foleni ikafunga Buguruni.

"Konda, shusha!"

"Mzee, hapa si kituo."

"Usiponishusha hapa patakuwa choo."

Alishushwa haraka. Kwenye choo cha kulipia akatoa noti ya elfu kumi, mwenye choo hana chenji, na mwenye shida hana muda. Akaweka rehani saa yake ya mkononi. Ilibidi airudie kesho yake, na ndipo tulipokijua kisa chote.

Amri kama hizi za maji huanzia kwenye hesabu maarufu ya glasi nane kwa siku, nayo ina historia yake. Mwaka 1945 Bodi ya Chakula na Lishe ya Marekani iliandika kwamba mtu mzima anahitaji kama lita 2.5 kwa siku. Sentensi iliyofuata ikasema sehemu kubwa ya kiasi hicho tayari imo kwenye chakula. Watu wakasoma ya kwanza wakafunga kitabu. Mwaka 2002 mtaalamu wa figo, Heinz Valtin, aliutafuta ushahidi wa glasi nane asiuone. Chai inahesabika, uji unahesabika, mchuzi na tikitimaji pia. Kwa jua la Dar na jasho la vyuma mtu atahitaji zaidi, na kiu pamoja na rangi ya mkojo vitamwambia.

Kunywa kupita kiasi nako kuna hatari yake. Figo zikijitahidi sana hutoa kama lita moja kwa saa. Ziada huizimua damu ikapungukiwa sodiamu, na ubongo ukavimba. Kwenye marathoni ya Boston ya mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu mwishoni, na asilimia 13 yao walikutwa sodiamu imeshuka chini ya kiwango. Dalili kubwa ya waliodhurika ilikuwa kwamba walimaliza mbio wakiwa wameongezeka uzito. Walikuwa wamekunywa kuliko walivyotoa jasho.

Kisha likaja kopo. Baba Watoto aliliweka kabatini, kando ya maziwa ya unga, bila kumwambia mtu. Mama Mkwe alikuwa amenipokea zamu yangu ya kuwapikia kina mama wa kikoba, na unga aliouona ulikuwa mweupe, mlaini, unanukia vanila. Akachota vikombe vitatu akakandia maandazi. Yalitoka mazito kidogo lakini yakasifiwa. Mwenyekiti wa kikoba alifunga mawili kwenye leso akaondoka nayo.

"Mama! Mmeiua! Protini haipikwi!"

"Moto hauiui, Baba," binti akamtuliza. "Unaikunjua tu. Na tumboni ingekunjuliwa vilevile."

"Kwa hiyo iko wapi?"

"Iko kwenye kikoba."

Usiku ule nilichukua daftari la matumizi nikampigia hesabu. Ana kilo 82. Mtu mzima wa kawaida anatosheka na gramu 0.8 kwa kila kilo, yaani kama 66 kwa siku. Anayefanya mazoezi makali huambiwa 1.2 hadi 2. Kocha alimwambia 3. Nikapanga chakula chetu cha siku zote: mayai mawili 12, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage 15, kipande cha samaki 22, robo kilo ya sembe karibu 20. Tayari ni 77. Akiongeza kikombe cha pili cha maharage na gao la dagaa wakavu, anafika 110, kiwango cha mtu wa vyuma, bila kopo. Protini inayozidi mahitaji, mwili haujengi nayo misuli kwa kuhurumia pesa zako: unaichoma ikawa nguvu, au unaihifadhi ikawa kitambi kilekile.

Nikafungua ukurasa wa pili, wa watu wengine wa nyumba, na hapo usingizi ukapaa. Mtoto wa miaka miwili anahitaji kama gramu 1 kwa kila kilo yake. Kilo kwa kilo anamshinda mtu mzima wa kawaida. Nikakumbuka tunavyopakua. Finyango mbili za kwanza na firigisi ni za Baba, hata kabla ya jimu. Kitinda mimba anapewa ugali na mchuzi, na akilia anaongezewa mchuzi. Nyumba haikuwa na upungufu wa protini. Ilikuwa na foleni, na watoto walikuwa mwisho wa foleni. Mayai sita ya alfajiri yalikuja kuirefusha tu.

Jumapili nikaitisha kikao. Baba Watoto alisomewa hesabu, akanuna, akauliza kama sembe kweli imo, akakubali. Vyuma anaendelea navyo, maana moyo na mgongo wake vinavihitaji. Mayai yatachemshwa, na watoto watapewa kwanza. Pingamizi lilitoka kwa Mama Mkwe: kwao walifundishwa kwamba mtoto akizoea mayai anakuwa mwizi. "Haya. Wakipelekwa polisi, msiniite."

Haikuchukua muda mayai yaliyochemshwa yakaanza kupungua sahanini. Baba Watoto akaanza upelelezi. Aliwahoji watoto mmoja mmoja, akamtazama dada wa kazi kwa jicho baya, dada akatishia kurudi kwao. Maganda aliyapata binti, yamefungwa vizuri kwenye gazeti, chini ya kitanda cha Mama Mkwe.

Kimya kikatanda sebuleni. Binti akamtetea bibi yake: misuli hupungua kadiri umri unavyokwenda, na mwaka 2013 jopo la wataalamu lilipendekeza waliovuka miaka 65 wapate gramu 1 hadi 1.2 kwa kilo, zaidi ya vijana wasiofanya mazoezi. Bibi ana haki.

Mama Mkwe akajiweka sawa kitenge chake mabegani. "Si mnaona?" akasema. "Basi kesho nichemshieni mawili, niache kuiba."