Mheshimiwa Sura ya 490, Tuonyeshe Sura

Kwa Sheria ya Vyama vya Ushirika, Sura ya 490,
Mkobani mwa Mwenyekiti,
Lunga Lunga.

Mheshimiwa,

Twakuandikia wewe mwenyewe kwa kuwa kila tukiuliza jambo chamani twajibiwa, "Sheria yakataa." Tumeona heri tumuulize huyo anayekataa.

Juzi tulikutana chini ya mkorosho. Mama mmoja akauliza pesa za korosho zimefikia wapi. Mwenyekiti akapangusa miwani kwa ncha ya kikoi, akakutoa mkobani, umevishwa nailoni usiingie vumbi, akasoma Kizungu hadi kivuli kikatuhama. Akakufunga. "Mmesikia?" Kusikia tulisikia. Katibu akaandika: wanachama wameridhika.

Basi mjukuu wangu akakutafuta kwenye simu. Kumbe una maneno mazuri hivi! Wasema mkutano mkuu ndio wenye kauli ya mwisho, nasi tulidhani ni mwenyekiti. Wasema mkutano wa mwaka uitishwe ndani ya miezi minne baada ya mwaka wa hesabu kufungwa. Tulivyofasiriwa sisi, ni miaka minne. Kila mwanachama kura moja, awe na hisa kumi au elfu. Kwetu kura ya mwenye trekta hupimwa kwa kilo. Kamati iwe na watu watano hadi tisa, na hapo hatuna lawama: wetu ni watano kamili, wote wala sinia moja.

Mfasiri wako hatumlaumu sana. Aliyeachiwa peke yake ufunguo wa ghala, nani atamzuia kuonja?

Ila wewe uliyezaliwa 1997, mtu mzima, haya ya nini? Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa, tena lugha rasmi bega kwa bega na Kiingereza. Na hapo Horohoro tu, ng'ambo ya kizuizi, Bunge la Tanzania lilikifanya lugha ya sheria mwaka 2021. Mashemeji zetu wa kule hutuuliza kama sheria yetu ni mtalii, mbona haijafika Diani.

Njoo basi. Panda matatu Likoni, teremka kabla ya mpaka. Ukija na Kiswahili, hata cha kuchapia, mahamri yapo. Ila usifikie kwa mwenyekiti.

Ni sisi tusiokujua,
Wanachama.

Tanbihi: Barua haina muhuri. Katibu asema sheria yakataa.