Kobe na Funguo 1,024

Fisi alijenga ghala la nyaraka, akabandika tangazo mlangoni: wageni 500 kwa mkupuo, majalada 2,000 mezani. Ukuta haubishi.

Karani wake alikuwa Kobe. Kila alfajiri, kabla ya kufungua mlango, Kobe alichora hesabu ya funguo mchangani kwa ukucha. Kumi zake mwenyewe, mmoja kwa kila mgeni, mbili kwa kila jalada: 4,510. Akapiga ya pili, wageni mara tano: 2,500. Kisha akakumbuka desturi ya ukoo wao, kwamba bosi asipotaja idadi ya funguo, karani huomba 5,000. Akachukua iliyo kubwa kuliko zote, akaenda kwa Tembo, mwenye funguo za kijiji kizima.

Langoni kwa Tembo alikaa Nyani, na daftari lake pajani. Lingine halisomi.

"Kobe wa ghala la Fisi: 1,024."

"Bwana Nyani, nimeomba elfu tano."

"Nimekusikia, mzee. Hizi hapa 1,024."

Kobe si mgomvi. Alirudi, akafuta mchanga, akaanza upya. Majalada akayashusha hadi 400, maana ukoo wake haushuki chini ya hapo. Hayo yakala funguo 800. Akatoa kumi zake. Zikabaki 214, basi wageni 214. Akaandika daftarini kwa hati safi: nimeomba 5,000, nimepewa 1,024. Daftari la karani, kama ujuavyo, husomwa siku ya msiba.

Msiba ulikuja siku ya mwisho ya kulipa kodi. Wageni wakarudishwa mlangoni. Fisi mwenyewe alipita, kwa kuwa nafasi moja ya ziada huwekewa mkubwa. Akaona ndani shwari, akamtukana Kobe. Kisha akafuta 500 tangazoni, akaandika 1,000.

Kesho yake Kobe aliomba 5,010. Akapewa 1,024. Wakaingia 214.

Fisi akapeleka barua barazani. Nyani hasomi barua za baraza.

Wanaolea seva ya MySQL kwenye Linux wanamjua Nyani kwa jina la systemd, na mstari wa daftari lake ni LimitNOFILE. Ongeza hapo, kisha uizime seva na kuiwasha upya: Kobe huomba funguo alfajiri tu.