Pampu ya Gari, Mji wa Punda

Lamu tuna punda wengi kuliko magari, na hilo halijamzuia mtu yeyote kuwa bingwa wa magari. Keti barazani alasiri, utamke "kabureta" kwa sauti ya kutosha, uone. Atakujibu muuza samaki, atakujibu fundi cherehani, na atakujibu yule mzee ambaye safari yake ndefu kwa gari ilikuwa kutoka gati la Mokowe hadi kwenye duka la soda.

Mjomba wangu ana boti ya faiba yenye mashine ya arobaini, ile ya mipigo miwili inayokunywa petroli iliyochanganywa oili. Hubeba abiria wa Mokowe, na maji yakijaa hupita Mkanda kwenda Pate. Tangi la petroli lilikaa tezi, jirani na mashine, kwa muda mrefu sana bila ugomvi na mtu. Kisha ikaja arusi ya Faza. Sufuria za biriani zilipakiwa tezi, zikafika Faza zikinuka petroli, na mke wa mjomba, ambaye biriani ile ilikuwa yake, akatoa amri: tangi lihamie omo. Likahamia. Ukanunuliwa mpira mrefu kama boti yenyewe, na tangu siku hiyo mashine ikawa na pumu. Taratibu inakwenda vizuri. Ukiipa mafuta yote, inakohoa, inazimika.

Hapo hapakuwa na muujiza wowote. Mashine hizi huja na pampu yao ndogo iliyobandikwa ubavuni, ndani mna utando mwembamba. Pistoni zikipanda na kushuka, mipigo ya hewa ndani ya tumbo la mashine huuvuta utando na kuusukuma, na petroli hufuata. Ni kifaa kinyonge na cha adabu: mashine ikisimama, nacho husimama. Ila hakikuumbwa kuvuta petroli kutoka mbali kupitia kijipira chembamba. Dawa ilikuwa kuweka mpira mpana zaidi, au kulirudisha tangi tezi. Mpira mpana mjomba aliuita upotevu wa pesa. Kuhusu tangi, alinitazama kama niliyemshauri avunje ndoa.

Kwa hiyo ikaamuliwa pampu ya umeme. Fundi wetu alikuwa na safari ya Mombasa, akarudi na pampu iliyochomolewa kwenye gari dogo la Kijapani lililokufa. Nzuri, nzito, yang'aa. Nikamuuliza inasukuma kwa nguvu kiasi gani. Akasema arobaini na ushei, psi, zile zile za kupimia upepo wa tairi.

"Mashine ni ya arobaini," mjomba akasema, "na pampu ni ya arobaini. Sasa tatizo liko wapi, mpwa wangu?"

Baraza zima likatikisa kichwa kwa kukubali. Kutoka ndani mke wa mjomba akauliza kwa hofu, "Arobaini ya nani tena?" maana alidhani kuna khitma hakualikwa.

Nilijaribu kueleza. Arobaini ya mashine ni nguvu za farasi, hazina undugu wowote na arobaini ya pampu. Gari lile lilikuwa la kupuliza petroli kwa nozeli, na nozeli hutaka msukumo mkubwa ili petroli itoke kama ukungu. Kabureta haitaki kupulizwa. Inataka kikombe chake kijazwe tu, psi 3, 4, hata 5, ukizidi hapo waitafutia maradhi. Ndani ya kikombe mna boya, na boya likielea huinua sindano inayoziba mlango wa petroli. Ni kama tangi la choo cha kuvuta: maji yakifika juu, boya hufunga. Sasa boya la kabureta ni dogo kuliko yai, nalo halina nguvu ila ya kuelea. Likisukumwa na psi 40, sindano haifungi kitu. "Umesoma sana," mjomba akaniambia, na kwetu hiyo si sifa.

Betri ilitoka kwenye spika za arusi za binamu yangu. Waya zikaungwa, swichi ikafungwa kando ya usukani, na abiria wakapakiwa, kwa sababu mjomba haamini majaribio yasiyolipiwa nauli. Pampu ikalia ngiii, na kabla kamba ya kuwashia haijavutwa petroli ikaanza kutiririka kwenye koo la kabureta, ikashuka ngamani, ikasambaa baharini rangi ya tausi. Mzee mmoja aliyekaa katikati akatoa sigara. Sijapata kuona watu wa dini, vyama na koo mbalimbali wakiungana haraka namna ile: kabla kiberiti hakijatoka mfukoni, alikwisha kumwagiwa maji ya bahari kutoka pande zote. Alipofahamishwa sababu aliomba arudishiwe nauli na bei ya kanzu.

Mashine yenyewe ilikuwa imelewa. Kamba ilikuwa nzito kuvuta, kwa kuwa petroli ilishajaa tumboni. Fundi akatoa plagi, zimelowa chapa, akavuta kamba matundu yakiwa wazi, na petroli ikaruka ikampata mjomba kifuani, kwenye shati la Ijumaa.

Ndipo fundi akaja na busara yake: mpira ubanwe. Akaufunga klipu na kuukaza hadi ukabaki upenyo wa sindano. Na ajabu, boti ikaenda! Ikavuka mkondo hadi Mokowe kwa fahari, mjomba akinitazama pembeni. Gatini akapunguza moto ashushe abiria, na mafuriko yakarudi.

Hapa ndipo nilipotaka kulia. Kuubana mpira kunapunguza wingi wa petroli, hakupunguzi msukumo wake. Mashine ikienda kasi inakunywa, petroli inapita penye mbano, na msukumo unapungua njiani. Ila kikombe kikijaa na sindano ikiziba, hakuna kinachopita, na pasipopita kitu mbano hauna kazi. Nyuma ya sindano msukumo hupanda polepole hadi ulingane na wa pampu, ile arobaini kamili, na mlango unafunguliwa kwa nguvu. Nilieleza haya gatini nikiwa nimesimama ndani ya petroli. Fundi akasikiliza kwa heshima, kisha akaongeza klipu ya pili.

Baada ya klipu kikaja kirekebishi cha kuagiza, kidude cha duara chenye namba 1 hadi 6. Mjomba alikipenda kwa kuwa kinazungushwa kama redio. Alikiweka kwenye 3, na bado kabureta ikamwaga, maana vidude vya namna ile hutengenezwa kwa pampu ndogo. Ukivisukuma na arobaini vinavuja ndani kwa ndani. Kwa pampu kubwa hutakiwa kirekebishi chenye njia ya kurudisha petroli ya ziada tangini, yaani mpira mwingine mrefu hadi omo. Mjomba aliposikia mpira mwingine akaketi chini.

Mwishowe tulipata pampu ndogo ya mchemraba, ile inayolia tak-tak-tak, inayosukuma psi 3 au 4 na kushiba. Nikasisitiza iwepo geji, na geji ya 0 hadi 15, si ile ya 100 aliyoileta fundi ambayo kwenye 3 mshale wake hauamki. Ikafungwa kati ya pampu na kabureta, tukaisoma mashine ikiwa imetulia, kwa sababu hapo ndipo msukumo huwa juu. Nikadai pia swichi ifuate mashine, kwani pampu ya umeme haijui kama mashine imezimika, itaendelea kumwaga tu. Walinzi wa pwani wa Marekani wana kanuni kwa boti za petroli zenye mashine ya ndani: pampu ya umeme isifanye kazi ila mashine inapowashwa au inapokwenda. "Marekani wana petroli ya kumwaga," mjomba alisema, lakini swichi ikafungwa.

Sasa boti inakwenda. Biriani hainuki. Ile pampu ya gari ilikaa barazani ikitafuta mnunuzi, hadi akaja nahodha mmoja wa Kizingitini, akaishika, akaigeuza, akauliza bei. Nilikuwapo. Mjomba akavaa uso wa mtaalamu, akamweleza habari za boya, sindano na msukumo, neno kwa neno kama nilivyomweleza mimi, hata nikaona fahari. Kisha akamwuliza mashine yake ni ya ngapi.

"Ya sitini, Mzee."

Mjomba akaichukua pampu mikononi mwake, akaifuta vumbi kwa huruma. "Samahani sana, nahodha. Hii ni ya arobaini. Haitakutosha."